Tufundishane kumhoji mtoto mahakamani

Mhariri,

Mtoto wa miaka minane akiulizwa mbele ya hakimu, “Hukumwona mshtakiwa siku ile?” akajibu “Ndiyo”, amesema nini? Kwa Kiswahili cha nyumbani, amekubali kwamba hakumwona. Mwandikaji akielewa kinyume, kesi imepinda hapo hapo. Swali lilipaswa kuwa: “Siku ile ulimwona nani?”

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka Mahakama ya Watoto ikae faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Hilo wengi tunalijua. Kuhoji ndiko kunakoangusha kesi, na hakuna anayejua kuhoji kwa kusomewa vifungu semina.

Mafunzo yaanze na ahadi. Tangu Sheria ya Ushahidi irekebishwe mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika rufaa ya jinai namba 168 ya mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ikiketi Bukoba iliuondoa ushahidi wa mtoto kwa sababu ahadi hiyo haikuchukuliwa. Ikapendekeza maswali mepesi: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Ni dakika chache tu. Zikirukwa, mtoto aliyekwisha kusimulia maumivu yake mbele ya watu wazima amesimulia bure, inaumiza sana. Ahadi iandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya neno la kwanza la ushahidi.

Saa nazo husumbua. Mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hawezi kukuhakikishia kuwa ilikuwa saa kumi na nusu. Muulize, “Nyumbani mlikuwa mnafanya nini?” Akijibu “Tulikuwa tunaanua dagaa”, umeupata wakati bila kumtia maneno mdomoni. Akisema “alinifanyia tabia mbaya”, usiishie hapo wala usimjazie. Aeleze alichofanyiwa kwa maneno anayotumia kwao. Mkalimani wa Kisukuma au Kikerewe naye asiyalainishe kwa kuona haya. Wala swali lisirudiwe rudiwe, maana mtoto hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, akalibadilisha.

Tunapendekeza mafunzo ya siku tatu, ndani ya chumba cha mahakama chenyewe, kuanzia Ukerewe hadi Magu. Wakae pamoja hakimu, mwendesha mashtaka, mawakili wa utetezi, afisa ustawi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na mkalimani, kila mmoja ahoji kwa mazoezi na kukosolewa. Haki ya mshtakiwa kumhoji shahidi ibaki palepale. Swali linaloeleweka linamsaidia na yeye. Baada ya miezi mitatu warudi na mienendo ya kesi walizosikiliza, yaani kumbukumbu zilizoandikwa mahakamani, waisome swali kwa swali.

Na hakimu akihamishwa, anayekuja asipangiwe kesi ya mtoto kabla hajapita mafunzo hayo.

Wadau wa haki za mtoto,
Nyamagana, Mwanza