Nyimbo zimefutika kwenye flashi? Ichomoe kwanza

Mteja akifika hapa dukani Mwembe Tayari, Mombasa, na kutuuliza, "Fundi, nyimbo zangu zitarudi?", nasi humuuliza: tangu zifutike, umeifanyia nini hiyo flashi? Atakalojibu hapo ndilo litakaloamua, kuliko programu yoyote tuliyo nayo.

Ukifuta wimbo kwenye flashi au memori kadi, sauti yenyewe haiondoki papo hapo. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT. Kwenye FAT32, kifaa hubadilisha herufi ya kwanza tu ya jina la faili, kisha kinaandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni kama mpangaji aliyefutwa kwenye daftari la mwenye nyumba ilhali yeye na virago vyake bado wamo chumbani. Atatolewa siku atakapoingia mpangaji mpya.

Kwa hivyo ichomoe. Usiongeze nyimbo nyingine, hata mbili tatu za kusikiliza njiani. Wala usisakinishe programu ya kurudisha faili ndani ya flashi hiyo hiyo. Kutafuta kwenye pipa la taka la Windows pia ni kujichosha, maana kinachofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipitii huko.

Dereva mmoja wa tuktuk alituletea flashi iliyokuwa imejaa taarabu za zamani, zile zilizotolewa kwenye kanda. Mdogo wake alikuwa ameifuta folda nzima. Taabu ni kwamba kabla ya kuja kwetu alipita kibandani akajaziwa nyimbo mpya, kwa sababu abiria hawapendi tuktuk iliyo kimya. Nyingine zilirudi salama. Lakini kuna wimbo ulioanza vizuri kabisa, udi na fidla, mwimbaji akaingia, na katikati ya ubeti ikafumuka gengetone! Programu ilikuwa imeufuata mwanzo wa wimbo wa zamani, ikaingia moja kwa moja kwenye nafasi iliyokwisha kukaliwa na mpya. Yeye alicheka. Kile kipande cha taarabu kilichokatika hakuna fundi wa kukirudisha.

Programu tunayoanza nayo mara nyingi ni PhotoRec. Ni ya bure, na ijapokuwa jina lake ni la picha, inatafuta faili za sauti za aina ya MP3 na WAV pia. Haisomi orodha ya majina. Inapekua flashi yote ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Ndiyo maana nyimbo hurudi na majina kama herufi f ikifuatwa na tarakimu, na folda zote zimepotea. Usishtuke ukiona hivyo. MP3 nyingi za kununua hubeba jina la wimbo na la mwimbaji ndani yake, na tunaweza kuyatoa humo tukazipanga upya. Kazi ni kwa zile za kurekodiwa na simu, kama za harusini au kasida za maulidi. Hizo hazina jina ndani, na inabidi mwenyewe akae azisikilize moja moja.

Wenye studio, nyinyi mfanye haraka zaidi. MP3 ya dakika nne kwa kiwango cha kbps 128 ni kama MB 4 tu, lakini WAV ya ubora wa CD hula MB 10 kwa kila dakika. Faili ikiwa kubwa, ni rahisi zaidi kipande chake kukaliwa na kitu kingine.

Yapo tusiyoyaahidi. Laptopu yenye SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, ikifuta faili, Windows huiambia diski isafishe nafasi ile, na baada ya hapo mara nyingi hakuna cha kuokota. Simu za siku hizi nazo hufunga data ya ndani kwa ufunguo wake, basi kwanza tafuta kwenye WhatsApp ulikotumiwa wimbo, au kwenye Google Drive. Programu ya Files by Google huweka ulichokifuta humo kwenye pipa lake kwa siku 30. Na kompyuta ikikuambia flashi lazima ifomatiwe, ikatalie. Ikiwa umeshakubali, tuambie kama ilikuwa fomati ya haraka au kamili, maana tangu Windows Vista ile kamili huandika sifuri diski nzima.

Wakati mwingine hakuna kilichofutwa. Chumvi ya hewa yetu na jasho la mfukoni huzitia kutu zile shaba za flashi, redio ya gari ikaona ni tupu. Usizikwangue kwa kisu. Tunazisafisha kwa spiriti na pamba, na mara nyingine mteja huondoka na nyimbo zake zote bila ya kurudisha chochote.

Kukagua ni bure, na tusipopata kitu hulipi. Njoo na flashi nyingine yenye nafasi ya kutosha, kwa sababu tutakachokipata hatukirudishi kwenye ile ya kwanza mpaka uwe umesikiliza na kuridhika. Na ukiwa unakumbuka nyimbo mbili tatu unazozitaka kuliko zote, tuandikie majina yake, tuanze na hizo.