Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani: Kiingereza kipimwe na kwa mdomo

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga, na jioni huwasaidia vijana wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Wengi ni wauguzi wanaotaka kwenda Uingereza. Baraza la wauguzi la huko, kwa wanaopitia mtihani huo, linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ya juu kabisa ni 9.

Hawa si mbumbumbu. Sekondari na chuo wamesoma kwa Kiingereza, na kusoma wanakuweza. Shida inaanza wanapokaa ana kwa ana na mtahini, dakika 11 hadi 14, hapo ulimi unakuwa mzito. Kwenye kusikiliza, sauti inachezwa mara moja tu. Anayeendelea kuwazia swali la tatu anashtukia la saba limeshapita.

Chanzo nakiona darasani. Mtihani wa kidato cha nne waliofanya ulikuwa wa kuandika tu. Nikianzisha mdahalo, mwanafunzi mwerevu ananiuliza: "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Mkuu wa shule naye anataka ufaulu upande, basi tunarudi kwenye maswali ya miaka iliyopita.

Matokeo yake, kuzungumza kumebaki kwa waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea na wenye ada ya kozi Dar es Salaam. Mtoto wa mvuvi wa Sahare anaanza kujifunza ukubwani, kwa pesa yake, na majibu ya IELTS yanahesabika miaka 2 tu. Nafasi ikichelewa, analipa upya.

Ongezeni sehemu ya kuzungumza na kusikiliza. Mtaniambia gharama, mtaniambia walimu watawapendelea wanafunzi wao. Mbona Kemia na Biolojia zina mtihani wa vitendo, hadi shule za kata? Msimamizi anayetoka shule nyingine anaweza kumsikiliza mtoto vilevile, na mazungumzo yakarekodiwa. Mnaweza kuanza kwa majaribio kwenye upimaji wa kidato cha pili, mkoa mmoja kwanza. Mkiuchagua Tanga, darasa langu lipo.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza, Tanga