Mbona safari ya kuvua haina saa maalum?

Wageni wengi wakishabuku huwa wanatuandikia wasap kuuliza safari ya kwenda na wavuvi inaanza saa ngapi, tunawajibu tutawaambia jioni ya kuamkia siku yenyewe, na kuna wanaoona kama hatujajipanga. Ngoja tueleze.

Loji yetu iko Mafia, upande wa ghuba ya Chole, na hapa zamani palikuwa dago, wavuvi wanapiga kambi msimu mzima, wanavua, wanaanika ng'onda, halafu wanarudi makwao. Manahodha wetu ni watoto na wajukuu wa haohao, na siku wanaipanga vilevile, yaani anayeamua ni maji na upepo.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, bahari inapanda na kushuka kama mita 3 hivi na mkondo pale Kinasi, mlango wa kuingilia ghuba, unakuwa mkali kweli, mshipi wa kuvulia haukai chini, unapepea kama bendera. Siku hizo miamba inakauka, akina mama wanatoka kuchokoa pweza, ukitaka kuongozana nao ndio wakati wake. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na bahari haipandi wala kushuka sana, ndiyo raha ya mshipi. Chambo inatulia, nahodha anapitisha uzi juu ya kidole cha shahada na bila kuona chochote anakwambia huyu changu, anadokoadokoa, au huyu chewa, huyo akishika anavuta mara moja anakimbilia pangoni, ukizubaa uzi umekatika kwenye mwamba. Sisi tunaona huo ujuzi ndio urithi wenyewe, kuliko hata ngalawa.

Halafu saa ya maji kujaa inasogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo leo saa 12 asubuhi yamejaa, wiki ijayo saa hiyohiyo ngalawa imekaa juu ya mchanga. Hapo saa maalum utaiwekaje?

Upepo wa kusi ukipiga, katikati ya mwaka, nje ya ghuba kunachafuka na hatutoki hata mgeni abembeleze vipi. Upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndipo tunatoka nje kufuata nguru, jodari, ukibahatika sulisuli. Papa potwe ni habari nyingine, wale wanaonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba na ni wa kuogelea nao tu.

Pia hii ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, kuna sehemu haziguswi kabisa na nyingine wanavua wenyeji kwa masharti, ndiyo maana ndani ya ghuba unakaa chomboni na wavuvi, unaangalia na kujifunza. Baruti na nyavu za kokoro marufuku, na sisi tunaunga mkono kwa moyo wote maana bila matumbawe hakuna changu.

Kwa hiyo kama unachokitaka ni mshipi, kabla hujakata tiketi ya ndege tuulize kwanza tarehe za maji mafu za mwezi huo, na ujipe angalau siku 3, upepo ukigoma siku moja bado unazo nyingine.