Kwa vijana wa kamati mpya: wafadhili wetu hawakutoa ili wapate ubao

Wanangu wa kamati mpya ya shirika letu la kutetea uhai na kusaidia wasichana wajawazito, na nyinyi wote mnaovaa zile fulana za kijani,

Salamu kutoka Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu siku ile ya kuwakumbuka wafadhili wetu waliotangulia mlinipa dakika mbili, na kabla sijamaliza kuwasalimia waheshimiwa muziki ukapanda, nikarudishwa kitini na binti mmoja mwenye adabu sana. Sina kinyongo na muziki. Shida yangu ni ule ubao wa majina ya wafadhili.

Dhahabu, Fedha, Shaba. Nani aliwapa hiyo akili? Aliyetoa mamilioni jina lake juu na picha, aliyetoa kidogo kawekwa chini kabisa mpaka upige goti ndio usome, na ambaye hakuwahi kuandikiwa risiti kwa sababu hakuleta pesa, hayupo. Kuna mama nilimtafuta pale na miwani na bila miwani. Hayupo. Nikamuuliza kijana wa kompyuta, akaniambia mzee huyo hayuko kwenye sistimu.

Sasa ngoja niwaambie ni nani huyo asiye kwenye sistimu, maana wengi wenu wakati ule mlikuwa primary. Alikuwa anauza mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, kule Masese. Hakuwahi kubeba bango, na ukimwambia habari za kampeni ya kutetea uhai anakuuliza hiyo kampeni inalala wapi usiku. Yeye alikuwa na vyumba viwili, kimoja akakitoa. Msichana amefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba, anapelekwa kwake na mtu wa boda au na jirani, anapewa beseni na sabuni aoge kwanza, halafu anaulizwa kitabu cha kliniki kiko wapi. Hamna? Basi kesho asubuhi mama huyo anaenda naye mwenyewe, kabla ya kushuka kwa samaki, anakaa naye kwenye benchi na ile harufu ya mukene, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka anasema harufu inasaidia, watu wanapisha. WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2016 inasema mjamzito aonwe kliniki mara 8. Yule mama hakuwa anajua WHO ni nini, ila alijua msichana wa miaka 16 akienda peke yake mara ya kwanza akasemwa vibaya pale dirishani, hatarudi.

Nyuma ya mlango alikuwa ametundika mfuko. Ndani glovu, pamba, wembe mpya, uzi wa kitovu, sabuni na kaveera, ile plastiki pana ya kutandika. Akitumia anajaza tena, kwa faida ya samaki, kimyakimya. Na mtoto akishazaliwa kazi yake haijaisha, hapo ndio inaanza, msichana anakaa mpaka apate nguvu, anafundishwa kupima na kuuza, na baba wa mtoto anatafutwa. Kuna mmoja alimfuata mpaka stendi ya boda, akasimama mbele ya wenzake wote akamtajia jina la mtoto na kilo alizozaliwa nazo. Jamaa alianza kuleta pesa ya maziwa wiki hiyohiyo. Na msifikiri wasichana wote walikuwa malaika. Mmoja alimwibia simu akatoroka Iganga huko, akarudi na mtoto anaharisha, akapokelewa, akasemwa usiku kucha mpaka majirani tukachoka, lakini alipokelewa!

Huyo ndiye aliyefanya shirika letu liaminiwe mtaani kabla hatujawa na ofisi wala mhuri. Hao wa Dhahabu, Mungu awarehemu, walianza kutoa baada ya kuona kazi yake. Mnielewe vizuri, siwadharau. Nawajua wengine walitoa mpaka pensheni yao, na kuna ndugu wawili walikuwa wanatuma kitu kila mwezi bila kukosa mpaka mauti yakawakuta, bila kuomba picha. Ndiyo maana nakasirika, kwa sababu nawajua hao watu, wangeona jina lao limewekwa juu ya jina la mama wa mukene wangeona aibu.

Halafu siku hiyohiyo ya keki, kuna msichana alikuja getini. Tumbo linaonekana, ameshika mfuko. Akaambiwa ofisi leo imefungwa kuna sherehe, rudi Jumatatu. Sherehe ya nani? Ya watu waliokufa wakihangaika ili msichana kama huyo asiambiwe rudi Jumatatu! Mama wa chai ndiye aliyempitisha jikoni akampa sahani ya posho, yaani ugali, na maharage. Mlinzi simlaumu, aliambiwa asipitishe mtu asiye na kadi ya mwaliko. Nalaumu aliyechapisha kadi akasahau geti. Na ile keki ya ngazi tatu, kaulizeni bei ya mama kit moja, ule mfuko wa vifaa vya kujifungulia, halafu mpige hesabu wenyewe, mimi darasa la hesabu niliacha zamani.

Najua mtaniambia mzee mambo yamebadilika, sasa hivi bila baneri na picha hupati mfadhili. Sawa, pigeni picha. Lakini angalieni wale wanaokumbukwa kweli kwenye nchi hii. Mother Kevin, yule sista mmisionari ambaye watu wetu wanamuita Mama Kevina, alifika Nsambya, Kampala, 1903 na masista wenzake, wakaanza kutibu watu chini ya mti. Alipofariki Marekani 1957 Wakatoliki wa Uganda walitaka mwili wake urudi, ukarudi, ukazikwa Nkokonjeru. Na Sanyu, nyumba ya kulelea watoto kule Namirembe, ilianzishwa na mkunga mmisionari mwaka 1929, mpaka leo inapokea watoto waliotupwa. Hakuna anayeuliza mkunga yule alikuwa wa Dhahabu au wa Shaba. Watu wanajua mlango uko wapi, basi.

Na nchi yenyewe nayo isijifiche nyuma yenu. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 22, imeandika kwamba hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kwa jinsi sheria inavyoruhusu. Tunaipigia makofi hiyo ibara kanisani na msikitini, na wabunge wanaipenda sana kwenye vipaza sauti. Baada ya makofi tunarudi nyumbani tunamfukuza binti. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu msichana 1 kati ya 4 wa miaka 15 hadi 19 ameshapata mimba, na hao hawakupewa mimba na upepo, ni wanaume, wengine wanakaa viti vya mbele kwenye ibada. Vifo vya akina mama wazazi vimeshuka, kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 hadi 189 mwaka 2022, tumshukuru Mungu na wakunga, lakini hao 189 si namba, wanazikwa. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unasema aliyejifungua arudishwe shuleni. Nendeni mkaulize shule zilizo karibu na nyinyi wamerudisha wangapi, muone watu wanavyoangalia dari. Ukimwambia msichana asitoe mimba halafu humpi pa kulala, humpi kliniki, humrudishi darasani, wewe unatetea nini hasa? Mimi naamini uhai wa mtoto tumboni ni wa Mungu, sijabadilika hata kidogo. Ila wale waliotutangulia waliniaminisha kwa vitendo, hawakuniaminisha kwa spika.

Mengine nayasema harakaharaka maana mke wangu anataka simu yake.

Toeni ubao, au wekeni majina yote kwa alfabeti, na wa mukene awemo. Daftari za zamani za michango msizichome, hata zimeliwa na mchwa. Msitumie picha za wasichana na sura zao kuombea pesa, wana watoto ambao watakua wazione. Wajane wa wafadhili watembeleeni na siku isiyo ya sherehe. Mtu wa zamu awepo getini kila siku, Krismasi na Idd pia. Na mkipewa mabugo, yaani rambirambi, kwa ajili ya msiba wa mwenzetu yafike kwa wafiwa, msiyaite gharama za uendeshaji.

La mwisho ni lile la kiwanja. Mzee wetu aliyefariki aliahidi kwa mdomo, tulisikia wengi, kwamba kipande kile kitajengwa chumba cha kujifungulia. Hakuandika. Sheria ya urithi inataka maandishi, saini na mashahidi wawili, sasa watoto wake wamepanda mihogo na nasikia baadhi yenu wanataka kwenda kortini kwa jina la shirika. Msiende! Mnataka kumuenzi baba kwa kuwashtaki wanawe? Nendeni kwa mjane wake, mbebe sukari, mkae, mmuulize yeye anaonaje, na akisema hapana mshukuru mrudi. Walio hai waombeni waandike sasa, wakiwa na akili zao na watoto wao wakisikia.

Mimi yangu nimeshaandika, mashahidi wamesaini. Ni cherehani zangu mbili na meza ya kukatia, vyote ni vya wasichana wa chumba cha nyuma, si vya kamati. Lakini sioni sababu ya kuwasubirisha mpaka nife. Njooni Jumamosi mzichukue, mje na kijana mwenye mgongo na chupa ya mafuta ya mashine, maana moja imekwama tangu Pasaka.

Ni mimi mzee wenu, fundi wa Walukuba, Jinja.