Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya turathi za taifa: Waliobaki Ngomeni mwaka 1697

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kuhusu Ngome ya Yesu ya Mombasa, na ombi langu ni moja tu: kisa cha watu waliobaki ndani yake mwaka 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman, kiandikwe kwa Kiswahili fasaha na kuwekwa mahali ambapo kila aingiaye atakisoma kabla hajaifikia mizinga.

Habari za ujenzi wa Wareno ulioanza mwaka 1593 kwa ramani ya msanifu Giovanni Battista Cairati zinafahamika, nami sitazirudia. Ninalotaka ulitazame ni jiwe lililo juu ya lango kuu. Linataja mwaka 1635 na kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitiisha pwani hii, miaka michache baada ya Yusuf bin Hasan, sultani aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kuwaasi Wareno na kuiteka ngome mwaka 1631. Jiwe hilo libaki lilipo, kwa kuwa nalo ni ushahidi. Lakini si haki mgeni apokewe na majigambo ya mshindi peke yake.

Kuzingirwa ninakokutaja kulianza Machi 1696 na kukaisha Desemba 1698, takriban miezi 33. Walioingia ngomeni kujihifadhi hawakuwa askari wa Kireno pekee, ambao walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wao, wake kwa waume. Kisha maradhi yakaingia, yakawaua wengi kuliko risasi, hata ilipofika mwishoni mwa Agosti 1697 kapteni wa ngome wa wakati huo naye akafa, na ndani hakusalia Mreno hata mmoja. Ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake 50 wa Kiafrika. Hao ndio walioilinda kwa wiki zipatazo tatu mpaka meli ya Wareno ikaleta msaada katikati ya Septemba. Wanawake hao, waliokuwa wengi kuliko wanaume wote waliobaki, tunawajua kwa idadi tu.

Natambua, Mheshimiwa, kwamba kisa hiki hakikai vizuri mdomoni. Bwana Daud hakupigania uhuru wa pwani. Alilinda boma la wageni, na wageni hao ndio walioiangamiza Faza yenyewe mwaka 1587. Kwa upande wa pili, wenyeji wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuwaomba Waomani msaada dhidi ya Wareno miaka mingi kabla. Utii wa watu wa pwani ulifuata uhasama wa mji na mji, na hofu na maslahi ya kila ukoo, na anayetaka kuugawa kati ya wazalendo na wasaliti atapata hadithi nyepesi isiyo na ukweli. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya kukieleza chote, pamoja na yale yanayotukera.

Kuhusu Kiswahili, sikiombi kiwe pambo chini ya maandishi ya lugha nyingine. Neno letu gereza hunasibishwa na igreja, yaani kanisa kwa Kireno, na katika pwani yetu lilimaanisha ngome kabla ya kumaanisha nyumba ya wafungwa. Ngome ya Yesu ikazikusanya maana zote, kwa kuwa Waingereza waliitumia kama jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Lugha iliyobeba mambo hayo haistahili kuwa tafsiri mlangoni pake.

Jambo hili halihitaji jengo jipya wala kugusa ukuta wowote wa mahali palipoorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ubao mmoja usiopigiliwa ukutani, usimame njiani baada ya lango, unatosha. Naomba maneno yake yatungwe kwanza kwa Kiswahili, wataalamu wa historia wakikaa pamoja na wazee wa Mombasa na wa Faza, ndipo yafasiriwe. Na idadi ya wale wanawake 50 iandikwe pamoja na jina la Bwana Daud, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wako mtiifu,
Mwananchi