Saa sita usiku ni ya leo au ya jana?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo likiendelea kubaki ndani litanivunjia nyumba. Mama mkwe alikuwa kwetu hapa Tabata wiki tatu, siku ya kurudi Mwanza ikafika, mimi kama mkwe mwema nikamkatia tiketi ya basi la usiku kwa simu, ikaja meseji ambayo nimeisoma mara hamsini naweza kuiimba: SAT 14 DEP 12:00 AM. Basi, hakuna kingine.

Mama akavaa miwani akasoma akasema kumi na mbili asubuhi, vizuri, nitasali kwanza ndio nitoke. Huwezi kumlaumu, imeandikwa kumi na mbili na AM si ndio wanatuambia asubuhi? Mimi mjuaji nikamwambia hapana mama, hiyo ni saa ya kizungu, kumi na mbili yao ni sita yetu, kwahiyo ni Jumamosi saa sita usiku, utakula kabisa ndio tutoke. Wife naye kutoka jikoni anauliza mbona isiwe saa sita mchana, dogo wa darasa la sita akamjibu mchana ni PM mama, tukacheka, yakaisha.

Jumamosi saa tano usiku tupo stendi ya Mbezi, mama amekaa juu ya ndoo yake yenye mfuniko, begi katikati ya miguu, nazi kwenye kiroba. Kijana wa ofisi ya basi anaangalia simu yangu, anamwangalia mama, anarudi kwenye simu. "Mzee wangu, hii gari imeondoka jana." Jana ipi? "Jana usiku, saa sita." Yaani muda ule wenzake aliotakiwa kusafiri nao walishafika Mwanza wakaoga wakalala! Mama hakunena kitu, alifungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akanywa taratibu mpaka ikaisha, akakikung'uta. Afadhali angegomba.

Sasa Mhariri nimekaa nikahesabu, hiyo 12:00 AM moja mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuisoma kwa njia nne: alfajiri ya Jumamosi kama mama, mchana kama wife, usiku wa Jumamosi kama mimi, na usiku wa Ijumaa kama mwenye basi. Watu watatu nyumba moja na wote tumekosa. Na hizo AM na PM zenyewe ni kilatini, kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri, ukifikiria vizuri saa sita usiku iko mbali sawa na adhuhuri ya jana na ya kesho, masaa kumi na mbili huku na kumi na mbili kule, sasa inakuwaje "kabla" au "baada"? Hata wanaotumia saa ya masaa 24 wana majina mawili ya dakika hiyo hiyo, 24:00 ya Ijumaa na 00:00 ya Jumamosi ni kitu kimoja.

Ila tatizo letu sisi ni kubwa kuliko la wenye lugha yao, kwa sababu sisi siku haianzi saa sita usiku. Siku ya Mswahili wa mtaani inaanza kukikucha, saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, na usiku unaufuata mchana wake. Mtu aliyeko Sinza saa nane usiku na chupa mezani ukimuuliza leo lini anakwambia Jumamosi, hata kama simu yake imeshabadili tarehe masaa mawili yaliyopita, mpaka alale aamke ndio inakuwa Jumapili. Halafu pwani kuna hesabu nyingine tena. Bibi yangu mzaa mama, Bagamoyo, akisema kuna maulidi "usiku wa Ijumaa" anamaanisha Alhamisi, maana kwa Waislamu siku inaingia magharibi, ndio maana mwezi wa Ramadhani ukionekana jioni tarawehe inaswaliwa usiku ule ule kabla hata hujafunga. Wageni wa bara walikuwa wanakuja Ijumaa na mafurushi yao wanakuta majamvi yameshakunjwa.

Na msidhani hao wenye saa walizaliwa wanajua. Warumi walihesabu siku toka katikati ya usiku, sawa, lakini wanajimu wa Ulaya walikuwa wanaanza siku yao adhuhuri ili usiku mmoja wa kutazama nyota usikatwe tarehe mbili, na waliacha juzi tu mwaka 1925. Mkutano wa Washington mwaka 1884 ndio ulipitisha siku ya dunia nzima ianze saa sita usiku ya Greenwich. Kwahiyo ni makubaliano tu ya wakubwa mezani.

Hata hiyo saa sita usiku yenyewe hapa Dar si katikati ya usiku! Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia karibu na Mogadishu, sisi tuko nyuzi 39 na kidogo, kwahiyo jua linakuwa katikati kabisa ya upande wa pili wa dunia kwenye saa sita na dakika 23 hivi kwa wastani, Novemba linawahi kama saa sita na dakika 7, Februari linachelewa mpaka kama 37. Kigoma ndio usiseme, huko ni saa saba na dakika moja. Na nusu ya usiku wanayoihesabu mashehe toka magharibi mpaka alfajiri, kwa hapa Dar mara nyingi inaangukia kabla ya saa sita. Kwahiyo nikimwambia mtu wa Kigoma tuonane saa sita usiku kamili namdanganya lisaa zima na hajui.

Lakini watu tunaipenda hiyo saa jamani. Uhuru wenyewe ulikuja hivyo, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Desemba 1961 pale Uwanja wa Taifa ambao sasa tunauita wa Uhuru, taa zikazimwa, zikawashwa bendera ya Mwingereza haipo, ipo ya Tanganyika, na usiku ule ule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu Kilimanjaro na mwenge na bendera. Kwanini isiwe saa nne asubuhi watu wameamka? Mimi naona ni kwa sababu sheria inabadilika tarehe inapobadilika, na gizani ndio mambo yanabadilika bila mtu kuona yanavyobadilika. Mwaka mpya vivyo hivyo, makanisani mkesha, nje honi za bodaboda na fataki na mtu anagonga sufuria na mwiko. Wasanii wa bongofleva nao siku hizi wimbo unadondoka saa sita usiku, mashabiki wamekodoa macho kwenye simu wanasubiri. Hata yule Cinderella wa Mfaransa Perrault, hadithi ya 1697, saa ikigonga kumi na mbili gari linarudi kuwa boga, ambayo kwetu ingebidi msimuliaji aanze kwanza kueleza kumi na mbili ipi. Wachawi wetu lakini hawana shida hiyo, wenyewe nasikia wanaanza saa nane, ndio manane yenyewe, saa sita kwao bado mapema watu hawajalala.

Sasa ninachotaka kusema. Wapo wenzetu walioshtuka. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya ya mafuta kila mwezi hawaandiki saa sita usiku, wanaandika zinaanza Jumatano saa 6:01 usiku, hiyo dakika moja imemaliza ubishi wote, madereva wanapanga foleni Jumanne jioni kila mtu anajua anakimbizana na nini. Na nyie waandishi wa habari pia mna neno mnalitumia kila siku bila kujua mmeshika dhahabu: kuamkia. "Usiku wa kuamkia jana." Ajali imetokea usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, hakuna babu wala mjukuu atakayeuliza upi. Wanahistoria nao Mapinduzi ya Zanzibar wanayaandika hivyo hivyo, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Januari 1964. Neno lipo, ni letu, halihitaji kilatini.

Lakini geuza ukurasa kwenye matangazo, Mhariri, samahani hata kwenye gazeti lako, unakuta "ofa mwisho tarehe 30 saa sita usiku". Ipi? Ile tuliyoipita tukiwa usingizini au ile ya kesho yake? Nilishanunua bando la siku saa tano usiku likaisha baada ya lisaa limoja, nikapiga simu huduma kwa wateja binti akanijibu kwa upole kabisa, "siku imeisha mteja." Sasa siku gani hiyo ya dakika sitini!

Nawaomba wenye mabasi, wenye ndege, wenye mabando, mkishaandika hizo namba zenu za mashine ongezeni maneno manne chini yake, Ijumaa usiku kuamkia Jumamosi. Meseji haiongezeki bei.

Mama aliondoka Jumatatu. Tiketi ya pili alikata mwenyewe, alimpa kijana wa dirishani simu yangu aongee nayo halafu akabadili mawazo akaichukua akamuuliza mwenyewe, "Mwanangu, tunaondoka kumekucha au hakujakucha?" Akajibiwa kumekucha mama. Akalipa.

Ni mimi mkwe,
Tabata, Dar es Salaam.