Barua kwa mwanangu: siku zako nne za Tennoji

Rehema mwanangu,

Ama baada ya salamu. Ikiwa unaisoma hii, basi umeshafika hotelini, umeshafungua begi kubwa, na umeshakikuta kile kichuma nilichokivingirisha ndani ya soksi zangu za kijivu. Kiache hapo hapo kwanza, nitakuja kukieleza.

Najua hukufurahi nilipokuchagulia hoteli Tennoji, mtaa wa jiji la Osaka huko Japani. Wenzako wote walikwambia mgeni wa Osaka hulala Namba, karibu na mataa ya Dotonbori. Mimi nimelala huko, safari yangu ya kwanza ya kununua injini. Ni kama kulala juu ya meza ya disko. Hapo ulipo, treni ya kutoka uwanja wa ndege inasimama jirani, na kuna mambo ya kukutosha kwa miguu mpaka bweni lenu lifunguliwe tarehe mosi. Dotonbori nenda jioni moja, piga picha na yule mkimbiaji wa bango la Glico aliyenyoosha mikono, uwatumie wenzako waridhike, urudi.

Usiku wa kwanza hutalala, usijilazimishe. Huko ikiwa saa nane usiku, tumbo lako bado liko Tanga, saa mbili za usiku, linasubiri wali. Kesho yake asubuhi ndipo kichwa kitakapokuwa kizito. Oga, vaa sweta (mwisho wa Machi bado kuna kijibaridi), ushike njia ya kwenda kaskazini kama robo saa hivi, mpaka Shitennoji.

Hapo nataka ukae. Usipite mbio kama watalii wa basi.

Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 593 na mwana wa mfalme aitwaye Shotoku, wakati dini ya Buddha ndiyo kwanza inaingia Japani. Simama lango la kusini uangalie mbele: lango, mnara wa orofa tano, jumba kuu, jumba la mafundisho, vyote vimepangwa mstari mmoja kama vimepigwa kamba ya fundi. Halafu ukikaribia utagusa nguzo na utacheka, maana nakujua. Utasema, "Baba, hii ni zege!"

Ni zege, kweli. Hekalu limeungua mara nyingi kwa vita na radi. Mwaka 1934 kimbunga kiliuangusha mnara, wakaujenga upya, na mwaka 1945 mabomu yakauteketeza tena. Waliporudi kujenga waliona mbao basi, wakamwaga zege, kazi ikakamilika mwaka 1963. Lakini ramani ni ile ile. Sasa wewe unayekwenda kusomea uhandisi wa majengo uniambie: lina miaka elfu moja mia nne, au lina sitini na kitu?

Swali hilo nilimpelekea babu yako niliporudi. Hakuinua hata uso kutoka kwenye kazi yake. Alinionyesha kidole jahazi lililokuwa limepandishwa ufukoni, lile la Mzee Shali, na kunihesabia: mbao za ubavu wa kushoto amezibadilisha yeye mwenyewe mara mbili, mataruma zaidi ya nusu ni mapya, mlingoti ni wa tatu. "Sasa limekuwa jahazi la nani?" akaniuliza. Nikanyamaza.

Na hilo ndilo lililonifanya nimsimulie juu ya mafundi wa pale. Walipotaka kulijenga hekalu, Wajapani hawakuwa na mafundi wa kazi hiyo, wakawaita kutoka Baekje, mojawapo ya falme za Korea. Mmoja wao alibaki, na ukoo wake ukawa ndio unaolitunza na kulijenga upya kila linapoungua. Kampuni yao, Kongo Gumi, inahesabu umri wake tangu mwaka 578. Iliendeshwa na ukoo mmoja zaidi ya miaka elfu moja na mia nne, hadi mwaka 2006 madeni yalipoilemea, ikaingia chini ya kampuni kubwa zaidi. Babu yako hapo aliweka tezo chini. Akataka nirudie hiyo miaka.

Nyuma kidogo kuna bwawa la kobe. Wamejazana juu ya mawe, mmoja amempanda mwenzake, shingo nje, wanaota jua. Juu ya bwawa hilo kuna jukwaa la mawe, na tarehe 22 Aprili huchezwa ngoma za zamani za kifalme, watu wamevaa joho na vinyago. Hiyo isikupite, utakuwa bado mjini.

Upande wa magharibi utaona lango la mawe lisilo na milango, limesimama tangu mwaka 1294. Zamani bahari ilifika karibu na mteremko ule. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, Machi na Septemba, jua huzama katikati ya lango, na watu hukusanyika kulitazama, kwa kuwa pepo yao wanaamini iko magharibi. Umeikosa kwa wiki moja tu. Lakini litakufaa kwa jambo jingine: kwetu Tanga tumezoea kibla ni kaskazini, huko ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Ukishajua lango lile linaangalia wapi, hata chumbani hutababaika.

Jioni, nenda Shinsekai. Mtaa una makelele, mabango makubwa yenye samaki wanaotoa macho, na wazee wanacheza bao lao la shogi. Katikati yake kuna mnara wa Tsutenkaku. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1912 kwa kuiga ule wa Paris, ukaungua mwaka 1943, chuma chake kikachukuliwa kwa ajili ya vita. Huu wa sasa ni wa mwaka 1956. Kwenye kilele chake kuna taa za kutabiri hali ya hewa: nyeupe jua, rangi ya chungwa mawingu, buluu mvua. Nilikuwa naziangalia kabla ya kulala ili nijue kama kesho nibebe mwavuli, na hazikunidanganya hata siku moja.

Chakula cha mtaa huo ni kushikatsu, vitu vya kukaanga kwenye vijiti. Harufu yake itakuita kwa jina. Watakwambia chukua kamba, chukua vitunguu, hivyo havina shaka. Mwanangu, mafuta ni yale yale yaliyokaangia nguruwe. Pita. Mimi nilishibia viazi vitamu vya kuchoma, vya moto, ganda la zambarau na ndani vimelainika kama halua. Vinauzwa hadi kwenye supamaketi.

Ule mnara wa vioo unaouona kutoka dirishani ni Abeno Harukas, mita 300, kuanzia mwaka 2014 mpaka 2023 haukuwa na jengo la kuupita Japani nzima. Kupanda juu kabisa ni kwa tiketi, na si bei ya kuku. Ila orofa ya 16 kuna bustani ya wazi, bure. Mimi ni mfanyabiashara, nakupa siri za biashara.

Ngome ya Osaka sikusemei sana. Ni nzuri kwa nje, lakini jengo la sasa ni la mwaka 1931 na ndani lina lifti. Ukiwa na nusu siku ya ziada, afadhali upande tramu ya Hankai hapo Tennoji, gari moja tu linalotikisika katikati ya nyumba za watu, ushuke Sumiyoshi. Ni mahali pa ibada pa mabaharia. Kuna daraja jekundu lililopinda mgongo kama paka aliyekasirika, na taa za mawe karibu mia sita, nyingi zililetwa na wafanyabiashara na watu wa meli waliokuwa wakiomba wafike salama. Bahari imesukumwa mbali siku hizi. Ukiangalia vizuri utaona taa nyingine zimewekwa na watu wa biashara moja, wamechangishana. Kama sisi wa gereji.

Jambo moja la treni, maana liliniaibisha. Siku ya kwenda uwanja wa ndege nilipanda treni sahihi, behewa baya. Kituo cha Hineno treni hukatwa vipande viwili: behewa za mbele zinakwenda uwanjani, za nyuma Wakayama. Nilistuka nikiwa Wakayama na masanduku yangu. Usipande tu kwa kuwa umeona jina la treni, soma behewa.

Sasa kile kichuma. Ni kisu cha randa. Tarehe 21 ya kila mwezi pale Shitennoji huwa na mnada wa vitu vya zamani: vyombo, kimono, zana za mafundi. Ndipo nilipomnunulia babu yako ile randa isiyo na mpini. Siku ya kwanza aliisukuma, ikamgomea, akanitukania mpaka ukoo. Randa ya Kijapani haisukumwi, huvutwa. Kesho yake nilimkuta amekaa chini, maranda yamemjaa mapajani, membamba kama ganda la kitunguu.

Kisu kimeliwa na jiwe la kunolea, kimebaki kidole kimoja. Upana wake ni milimita 70. Tarehe 21 Aprili nenda asubuhi, watafute wazee wanaouza zana, usiseme neno, mpe mmoja akishike. Ataelewa. Kipya kikiwa na pengo usichukue. Ukituma, kifunge vizuri.

Babu yako amekitoa mwenyewe na kukifunga gazetini usiku wa kuamkia safari yako. Randa sasa inaning'inia ukutani, mdomo wazi.

Baba yako